Uzuri Usio na Wenyewe

Kuna uongo wa kusema na uongo wa kunyamaza. Uongo wa kusema hukamatwa upesi, kwa kuwa maneno yana mashahidi. Lakini uongo wa kunyamaza waweza kuishi miaka mia na zaidi, ukatundikwa ukutani, ukasifiwa hata na watu wenye nia njema. Katika insha hii nakusudia kushitaki uongo mmoja wa namna ya pili. Umo katika picha za mandhari zilizopigwa, na zinazoendelea kupigwa, katika hifadhi za taifa za Marekani: picha za milima, maporomoko, mito na misitu ambamo hamna mtu, wala moshi wa jiko, wala alama ya unyayo. Picha hizo ni nzuri, nami sibishi juu ya uzuri wao. Nabisha juu ya jambo zinalotuambia kimyakimya, yaani kwamba nchi hizo zilikuwa tupu, na kwamba utupu huo ndio uliozifanya ziwe nzuri.

Mshitakiwa wangu si mnyonge, na haki yanidai nitaje kwanza fadhila zake. Mwaka 1861 mpiga picha aitwaye Carleton Watkins aliingia katika bonde la Yosemite, jimbo la California, pamoja na msafara wa baghala waliobeba kamera kubwa mno, vioo vyenye ukubwa wa inchi 18 kwa 22, chupa za dawa na hema la giza. Katika siku zile filamu haikuwapo. Kila kioo kilipakwa dawa ndani ya hema, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, kikafunuliwa kwa mwanga, kisha kikarudishwa hemani upesi kabla dawa haijakauka. Kwa taabu hiyo Watkins alileta picha ambazo zilionyeshwa New York mwaka 1862 na kuwaduwaza watu ambao hawakupata kuona magenge makubwa kiasi kile. Tarehe 30 Juni 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vingali vinawaka, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyolikabidhi bonde hilo, pamoja na msitu wa miti mikubwa ya Mariposa, kwa jimbo la California ili vihifadhiwe kwa manufaa ya watu wote. Hapana shaka kwamba picha zilisaidia kuitayarisha mioyo ya watu kwa sheria hiyo.

Habari ya Yellowstone yafanana nayo. Mwaka 1871 serikali ilipeleka huko msafara wa uchunguzi ulioongozwa na Ferdinand Hayden, na ndani yake walikuwamo mpiga picha William Henry Jackson na mchoraji Thomas Moran. Kazi zao zilionyeshwa kwa wabunge mjini Washington, na tarehe 1 Machi 1872 Rais Ulysses Grant alitia sahihi sheria iliyoifanya Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza. Kadhalika, mwaka 1938 Ansel Adams alitoa kitabu cha picha za milima ya Sierra Nevada ambacho kilitumiwa kuwashawishi wakubwa wa serikali, na mwaka 1940 Hifadhi ya Kings Canyon ikaanzishwa. Miti yenye umri wa zaidi ya miaka 2000, ambayo ingeweza kuwa mbao, ingali imesimama. Basi mtu asinisingizie kwamba naidharau kamera. Naijua nguvu yake, na kwa sababu hiyo hiyo naiogopa.

Sheria ya mwaka 1864 ilisema habari ya manufaa ya watu wote. Na tuulize: watu gani? Miaka kumi tu kabla Watkins hajafika na baghala wake, bonde lile lilikuwa na wenyewe. Waliitwa Ahwahneechee, na mkuu wao alikuwa Tenaya. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa California, na wachimbaji walikuwa wakimiminika katika vilima vya jirani. Mwezi wa Machi mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Mariposa kiliingia bondeni kuwatoa watu hao kwa nguvu. Nyumba zao zilichomwa moto, na ghala zao za mbegu za mwaloni, ambazo ndizo zilizokuwa ugali wao, zikateketezwa. Mwezi wa Mei mwaka huo mmoja wa wana wa Tenaya alipigwa risasi akakimbilia kifo badala ya uhuru. Lafayette Bunnell, aliyekuwa katika kikosi hicho na baadaye akaandika habari zake, asimulia kwamba walipofika kwenye ziwa moja zuri huko juu milimani alimwambia mzee Tenaya kwamba wameamua kuliita ziwa hilo kwa jina lake. Mzee yule hakushukuru. Alijibu kwamba ziwa lilikuwa na jina tayari: Pywiack.

Jibu hilo latosha kuwa hoja yangu yote. Ziwa lina jina tayari. Bonde lina watu tayari. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika bonde la Yosemite mgeni alikuja na mwenyeji hakupona. Hata hivyo Ahwahneechee hawakutoweka wote. Wengine walirudi, wakaishi bondeni wakifanya kazi katika hoteli za wageni na kuuza vikapu vyao mashuhuri. Watkins alipotega kamera yake walikuwapo. Wapiga picha waliomfuata nao waliwakuta. Wenyeji hao walisogezwa, wakabanwa katika kijiji kidogo, na mwaka 1969 nyumba zao za mwisho zilibomolewa na kuteketezwa katika mazoezi ya kuzima moto. Zaidi ya miaka mia ilipita ambamo watu hao waliishi ndani ya moja ya mabonde yaliyopigwa picha nyingi kupita yote duniani, na katika picha zilizolipatia bonde hilo umaarufu usiwaone hata mara moja. Akufukuzaye hakwambii toka.

Sikiliza sasa jambo ambalo laongeza uzito wa mashitaka yangu. Uzuri wenyewe uliopigwa picha ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mikono ya wale wasioonekana. Wageni wa kwanza walistaajabia mbuga za majani zilizotanda kati ya magenge, na mialoni iliyosimama mbalimbali kana kwamba imepandwa na mtunza bustani. Naam, mtunza bustani alikuwapo. Ahwahneechee walikuwa na desturi ya kuchoma majani kwa wakati na kwa kipimo, ili mialoni yao ipate jua, wanyama wapate malisho mapya, na vichaka visisonge. Wenyeji walipotolewa na moto ukapigwa marufuku, misonobari ilivamia mbuga zile, ikazijaza, ikafunika hata mandhari ambayo watu walisafiri mbali kuja kuyaona. Leo walinzi wa hifadhi wanakata miti na kuwasha moto wa makusudi ili kurudisha sura iliyopotea. Yaani wanafanya kwa mishahara kazi ambayo wenyeji walifukuzwa wakiifanya bure. Picha ilituonyesha shamba ikatuambia ni pori, na sisi tukaamini.

Yellowstone nako hakukuwa pori la Mungu mtupu. Jamaa ya Washoshone walioitwa Tukudika, maana yake wala kondoo, waliishi katika milima hiyo wakiwinda kondoo wa mwituni. Mawe meusi ya kioo kutoka jabali la Obsidian yalichimbwa huko kwa maelfu ya miaka kwa kutengenezea visu na mishale, na yamefukuliwa hata katika makaburi ya kale ya Ohio, maelfu ya kilomita kutoka huko. Walakini katika miaka iliyofuata sheria ya 1872 Tukudika walihamishwa kwenda katika maeneo waliyotengewa na serikali, na ikaenezwa habari kwamba ati wenyeji waliziogopa chemchemi za maji moto na hawakuthubutu kuzikaribia. Tazama jinsi uongo unavyozaa. Kwanza watu waliondolewa, kisha ikasemwa kwamba hawakuwahi kutaka kuwapo.

Mtetezi wa wapiga picha atasimama na kusema kwamba kamera haisemi uongo. Huandika tu kilicho mbele yake. La hasha! Vioo vya Watkins viliona mwanga wa buluu kupita kiasi, kwa hiyo mbingu yenye mawingu ilitoka nyeupe kama karatasi. Vilihitaji muda mrefu wa kufunuliwa, kwa hiyo maji ya mto yaliyokuwa yakirukaruka yaligeuka kuwa kitambaa laini, na mtu aliyepita mbele ya kamera bila ya kusimama angeweza kufutika asiache hata kivuli. Tarehe 10 Aprili 1927 Ansel Adams, kijana wa miaka 25, alipiga jabali la Half Dome kwanza kwa kichujio cha manjano. Aliona kwamba picha hiyo isingeonyesha fahari aliyoihisi, akatia kichujio chekundu mbele ya lenzi, na mbingu ya mchana ikatoka nyeusi karibu kama usiku. Picha ile ilimjengea jina. Kamera basi ni kama kalamu: huandika kile anachotaka mwandishi, na huacha kile anachotaka kiachwe.

Mfano mmoja wawahusu ninyi wanafunzi hasa. Mwaka 1944 Adams alipiga picha ya mapambazuko ya majira ya baridi karibu na mji mdogo wa Lone Pine, chini ya safu ya Sierra Nevada. Katika picha hiyo vilele vya theluji vinang'aa nyuma, vilima vyeusi vimelala mbele yake, na farasi anakula majani uwandani. Lakini katika kilima kimoja vijana wa shule ya sekondari ya mji ule walikuwa wameandika herufi kubwa mbili nyeupe, L na P, za jina la mji wao. Adams alizifuta. Alieleza mwenyewe jambo hilo waziwazi, akasema hakupenda kuona kovu hilo katika picha, nami simlaumu kwa siri maana hakufanya siri. Sisemi kwamba herufi zile zilikuwa pambo. Nasema kwamba palikuwapo vijana wa umri wenu waliotaka kusema kwamba tupo hapa, na picha mashuhuri ya mahali pao ikajibu kwamba hapana mtu.

Wala Adams hakuwa mtu asiyejali binadamu. Siku zile zile alikuwa akienda katika kambi ya Manzanar, jirani na Lone Pine, ambako Wamarekani wenye asili ya Kijapani walikuwa wamefungwa kwa sababu ya vita bila ya hatia. Alipiga picha za nyuso zao, na mwaka huo huo wa 1944 akachapisha kitabu cha kuwatetea. Hilo ndilo linalonitia hofu. Desturi ya picha tupu ilikuwa na nguvu kiasi cha kwamba hata mtu mwenye kupenda haki aliwaweka watu katika kitabu kimoja na milima katika kitabu kingine, kana kwamba viwili hivyo havikuumbwa kukaa pamoja.

Mtetezi atasimama tena na kusema kwamba mpiga picha ni msanii, si mwandishi wa historia, na msanii ana haki ya kuchagua. Nakubali. Mshairi huchagua maneno yake na seremala huchagua ubao wake. Lakini msanii akiisha kuchagua, asituambie kwamba alichokiacha hakikuwapo. Mwaka 1963 mpiga picha Eliot Porter alitoa kitabu cha picha za korongo la Glen kwenye mto Colorado. Korongo hilo halikuwa hifadhi ya taifa, na wakati kitabu kilipotoka lilikuwa limekwisha anza kuzama katika maji ya bwawa jipya. Picha zake ni za kuhuzunisha kwa uzuri. Lakini kitabu kiliitwa The Place No One Knew, yaani mahali ambapo hapana mtu aliyepajua. Hapana mtu! Ilhali Wanavajo walichunga kando ya korongo lile, na watu wa kale, ambao Wahopi huwahesabu kuwa wazazi wao, waliacha nyumba za mawe na michoro katika kuta zake. Jina hilo lilikusudiwa kuwa kilio cha huruma. Bali katika kulilia korongo, lilizika mara ya pili watu wake.

Hoja ya tatu ya mtetezi ni kwamba kama wenyeji wangaliachwa, mabonde hayo yangaliharibika. Jibu lake limo katika hifadhi zenyewe. Ni wenyeji waliojenga hoteli, barabara na viwanja vya magari katika bonde la Yosemite? Ni wao walioliziba bonde la pili la hifadhi hiyo hiyo, Hetch Hetchy, ambalo bunge liliruhusu mwaka 1913 lizamishwe ili mji wa San Francisco upate maji, na ambalo boma lake lilikamilika mwaka 1923? Wenyeji waliishi humo vizazi kwa vizazi, na walipotoka wageni wakaona Pepo. Ushahidi gani mwingine watakiwa?

Huenda msomaji akafikiri kwamba haya ni makosa ya kale. Uongo wa picha tupu ungali unafanya kazi, na sasa unawadanganya hata wale wanaoupiga. Mwaka 2024 Yosemite ilipata wageni zaidi ya milioni 4. Alfajiri katika tao la mawe la Mesa, katika Hifadhi ya Canyonlands, wapiga picha husimama bega kwa bega, miguu ya kamera ikigongana, kila mmoja akitafuta upenyo ambao mwenzake haonekani. Kisha kila mmoja hurudi kwao na picha ya upweke mtukufu. Mwezi wa Februari, jua linapotua na kuyatia rangi ya moto maporomoko ya Horsetail huko Yosemite, umati umekuwa mkubwa kiasi cha kukanyaga kingo za mto na kuharibu mimea, na walinzi wakalazimika kuweka vizuizi. Mwaka 2000 mpiga picha mmoja aliwasha moto chini ya tao la Delicate, katika Hifadhi ya Arches, ili apate mwanga anaoupenda, akaliachia jiwe madoa. Mtu aliyefundishwa kwamba nchi haina mwenyewe, hatimaye huiona kuwa mali yake.

Na uongo huo haukubaki Marekani. Mfano wa Yellowstone ulichukuliwa na serikali nyingine duniani, zikiwamo za wakoloni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi na ng'ombe wao katika Serengeti walikuwa wametolewa hifadhini, na mwaka huo huo ikatoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti, ambayo baadaye ilipata tuzo ya Oscar. Filamu hiyo iliwafanya watu wa Ulaya wawapende wanyama wetu, na hilo ni jema. Lakini iliwazoesha pia kuona kwamba Afrika iliyo nzuri ni Afrika isiyo na Waafrika. Kwa hiyo kijana wa Kenya anapotazama picha ya Half Dome asidhani kwamba anatazama jambo la watu wa mbali. Mama wa picha hizo na mama wa kalenda zinazouzwa kwa watalii wetu ni mmoja.

Je, nataka picha hizo zichomwe? Sitaki. Wala sitaki kila mpiga picha alazimishwe kumsimamisha mtu mbele ya kila mlima. Nataka mambo mawili tu. La kwanza ni maneno machache chini ya picha: jina la mahali katika lugha ya wenyeji wake, na habari ya jinsi walivyotoka. Jambo hilo halina gharama, na watu wa Marekani wenyewe wameanza kulitambua. Mwaka 2022 kilele kimoja cha Yellowstone kilichoitwa kwa jina la Gustavus Doane, afisa wa jeshi aliyeshiriki katika mauaji ya Waindio wa Piegan mwaka 1870, kilipewa jina jipya, Mlima wa Watu wa Kwanza. Na huko Yosemite, mwaka 2018, wakuu wa hifadhi walipatana na wazao wa wenyeji ili wajenge upya na kukitumia kwa ibada na mikutano yao kijiji kile kilichoteketezwa. Ikiwa serikali yaweza kusahihisha ramani, mpiga picha hashindwi kusahihisha maelezo ya picha yake.

La pili lawahusu ninyi, enyi vijana, kwa kuwa nyote mtatazama picha nyingi kuliko walizopata kuona babu zenu. Kila mtakapopewa picha ya nchi nzuri isiyo na mtu, msitosheke na kustaajabu. Ulizeni ilipigwa lini, na nani aliishi hapo miaka kumi kabla. Ulizeni mpiga picha alisimama wapi, na nyuma ya mgongo wake palikuwa na nini. Ulizeni pia nani alifaidika kwa mahali hapo kuitwa patupu. Mkizoea kuuliza hivyo mtabaki mkipenda milima, pengine zaidi kuliko kwanza. Maana kuipenda nchi pamoja na historia yake ni mapenzi ya mtu mzima, na kuipenda kwa sharti kwamba watu wake wasionekane ni mapenzi ya mnyang'anyi. Ziwa lile la Sierra Nevada lingali linaitwa Tenaya katika ramani zote. Msomaji wa insha hii, akiiona picha yake, amekwisha jua kwamba lilikuwa na jina tayari.